Mvinyo wa Italia, shati la Kariakoo: mkataba wa biashara unamsaidia nani?

(Hii ni mada niliyoitoa kwenye kikao cha vijana wa chama, Ilala, kabla hatujaanza pilikapilika za uchaguzi wa serikali za mitaa. Nimeiweka karibu kama nilivyoizungumza. Mliosimama mlangoni kwa kukosa viti, hii ni yenu.)

Mama zetu mliofunga fremu mapema mkaja hapa, asanteni sana, najua saa moja ya Kariakoo ina thamani gani.

Nilipopewa mada ya mikataba ya biashara, kamanda mmoja alinicheka. Akaniambia, "Dada wakili, hayo ni ya mabalozi. Sisi huku tunajua TRA, mgambo na bei ya dola." Sawa. Basi naanzia hapo hapo kwenye TRA.

Kontena lako likifika bandarini, unakutana na ushuru wa forodha. Ule ushuru hatuupangi peke yetu Dodoma. Tunaupanga na wenzetu wa Afrika Mashariki, kwa sababu tuna ushuru wa pamoja: malighafi na mashine nyingi 0%, bidhaa zilizofika nusu ya safari kiwandani 10%, bidhaa kamili 25%, na tangu Julai 2022 kuna kundi la nne la 35% kwa vitu tunavyosema tunataka kuvilinda. Mkataba wa biashara, ukiuvua suti na tai, ni hivi: wewe unashusha hizo asilimia kwa bidhaa zangu, na mimi nashusha kwa zako. Basi. Mengine yote ni masharti ya hiyo ahadi. Na makamanda, pesa iko kwenye masharti.

Twende Ulaya kidogo, halafu turudi mtaa wa Kongo.

Tarehe 1 Februari 2019 mkataba kati ya Umoja wa Ulaya na Japani ulianza kufanya kazi. Mchukue mkulima wa zabibu kule Italia, shamba la familia, watu wanane, anakamua mvinyo wake mwenyewe. Kabla ya siku hiyo mvinyo wake ukiingia Japani ulitozwa ushuru wa karibu 15%. Siku ile ukawa sifuri. Haikuwa kidogo kidogo kwa miaka kumi, ni siku ile ile.

Sasa mtasema, nafuu hiyo si wanapata wote, wakubwa na wadogo? Kweli. Lakini mkubwa alikuwa anaingia Japani hata kabla. Ana mawakili, ana ofisi Tokyo, ana mtu anayelipwa mshahara kusoma kanuni za forodha. Anayekufa na makaratasi ni mdogo, kwa sababu gharama ya karatasi haijali ukubwa wa mzigo. Cheti kikikugharimu siku tatu za kuzunguka maofisini, mwenye makontena mia haoni kitu. Mwenye katoni arobaini faida yake imeishia kwenye nauli.

Wenzetu hilo walilielewa, wakaliandika ndani ya mkataba. Ule wa Japani una sura nzima ya biashara ndogo na za kati. Inasema kila upande utaweka taarifa mtandaoni mahali pa wazi, na utateua watu maalumu wa kushughulikia matatizo ya wadogo. Halafu kwenye kuthibitisha kwamba bidhaa imetoka Ulaya kweli, haendi kupanga foleni ya muhuri. Mzigo usiozidi thamani ya yuro 6,000, muuzaji yeyote anaandika tamko mwenyewe kwenye ankara yake. Sentensi moja. Ukizidi hapo anajisajili mara moja kwenye mfumo, kisha anaendelea kujiandikia.

Oktoba 2020 wakafungua tovuti inaitwa Access2Markets. Mtu anaandika bidhaa yake, anachagua nchi anayotaka kuuza, anaonyeshwa ushuru ni kiasi gani, karatasi gani zinatakiwa, kanuni ya uasili inasemaje. Masoko zaidi ya 120. Mwaka huo huo wakateua afisa mkuu wa kusimamia kama mikataba inatekelezwa, na wakaweka mahali pamoja pa kupeleka malalamiko. Yaani yule mkulima akizuiwa bandarini bila sababu, ana mlango wa kugonga. Hatafuti mjomba anayemjua mtu wizarani.

Naomba hapa nichomekee jambo, maana neno "ndogo" linadanganya. Ulaya wakisema biashara ndogo na za kati wanamaanisha zenye wafanyakazi chini ya 250, na mauzo ya mwaka yanaweza kufika yuro milioni 50. Sera yetu ya mwaka 2003 inasema biashara ndogo ni ya watu 5 hadi 49, na ya kati inaishia 99. Kwa hiyo ukisikia mjumbe wa Ulaya anasema mkataba utamkutanisha mdogo wao na mdogo wetu, muulize kwanza, mdogo yupi. Mdogo wao akisimama Kariakoo ni tajiri wa mtaa.

Sasa tuje kwetu.

Sisi na Ulaya tuna historia ndefu kwenye hili. Mwaka 2014 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilimaliza kujadiliana nao mkataba wa ubia wa kiuchumi, ule mnaousikia kama EPA. Jumuiya ilikubali kufungua 82.6% ya thamani ya bidhaa zinazotoka Ulaya, hatua kwa hatua, nyingine hadi miaka 25. Tuwe wakweli, zaidi ya nusu ya bidhaa hizo tayari zilikuwa zinaingia kwa sifuri, kwa sababu ni mashine, dawa na malighafi. Na kuna vitu viliwekwa pembeni visiguswe, nguo na viatu vikiwemo. Kwa hiyo anayewaambia kwamba siku ya kusaini viwanda vyote vingekufa, amekoleza chumvi. Lakini anayewaambia haukuwa na meno, naye hakuusoma. Kulikuwa na masharti ya kutubana tusiweke ushuru mpya kwenye malighafi tunazouza nje, na sharti kwamba tukimpa taifa jingine kubwa kibiashara nafuu zaidi, na Ulaya wapewe.

Kenya na Rwanda wakasaini tarehe 1 Septemba 2016. Sisi tukakataa. Mzee Mkapa aliupinga hadharani na kwa maandishi, serikali ikasema Uingereza inatoka Ulaya na viwanda vyetu bado vichanga, na Novemba 2016 Bunge likajadili, wa chama tawala na wa upinzani, wakashauri tusisaini. Mimi nasema uamuzi ule ulikuwa sahihi. Najua kuna wenzangu humu hawapendi nikisifu kitu cha kipindi kile. Poleni. Kipindi kile kilitufungia mikutano na kutupeleka mahabusu, sisahau. Ila kwenye hili hesabu ilikuwa upande wetu. Kenya walikuwa na sababu ya kukimbilia kusaini: wao hawamo kwenye orodha ya nchi zenye maendeleo duni, na mwaka 2014 maua yao yaliwahi kutozwa ushuru Ulaya kwa miezi kadhaa. Sisi tumo kwenye orodha hiyo. Na nchi za orodha hiyo, tangu mwaka 2001, zinaingiza Ulaya kila kitu isipokuwa silaha bila ushuru na bila kikomo.

Hebu rudieni hiyo kichwani. Bila ushuru. Kila kitu. Tangu 2001. Kuna kamanda humu amezaliwa mwaka huo.

Kosa lilikuja baada ya kukataa. Tulipiga makofi bungeni, tukaenda nyumbani. Hakuna aliyeshuka Kariakoo kusema, jamani, mlango mwingine huu hapa, uko wazi, unaingiwa hivi.

Nina dada mmoja, fundi cherehani, yuko ghorofani kwenye moja ya majengo ya mtaa wa Mkunguni. Ana vyerehani vinne na wasichana watatu. Anashona mashati ya kitenge. Mwaka jana alipata mteja Hamburg, mashati 60, kwa yuro 12 shati moja. Jumla yuro 720. Mzigo ukafika, mteja akatozwa ushuru wa nguo wa 12%, kama yuro 86, mbali na kodi yao nyingine. Mteja akamwambia, dada, mashati mazuri ila mzigo ujao punguza bei. Akapunguza. Faida yake ikaenda hapo.

Sasa sikilizeni, maana hii nilipoisoma maktaba nilirudia mara tatu. Kanuni za Ulaya za uasili zilibadilishwa mwaka 2011. Kwa nchi kama yetu, nguo inahesabika ni ya Tanzania ikishonwa Tanzania, hata kama kitambaa kimetoka China au India. Kitambaa cha Kichina, uzi wa Kihindi, cherehani ya Mkunguni: shati la Tanzania. Ushuru sifuri. Na ile ruhusa ya yule Mwitalia ya kujiandikia tamko kwenye ankara kwa mzigo usiozidi yuro 6,000? Na sisi tunayo. Ile ile. Maneno ya tamko yamepangwa na sheria yao, unayanakili, unaweka jina lako, unaweka alama ya kanuni uliyotimiza.

Huyo dada alikuwa na haki ya sifuri mkononi. Alilipiwa 12% kwa sababu hakuna mtu aliyemwambia kuhusu sentensi moja. Na siyo kwamba hakuuliza. Alikwenda ofisi moja kuulizia, akaambiwa alete usajili wa kampuni, kisha arudi Jumatatu. Jumatatu yule mhusika alikuwa semina. Semina ya kuwawezesha wanawake wajasiriamali, kwa taarifa yenu.

(Ukumbi ulicheka hapa, lakini mimi sikuwa natania.)

Kwa hiyo tofauti ya Mwitalia na fundi wa Mkunguni haiko kwenye asilimia. Kwenye asilimia wako sawa. Tofauti ni kwamba serikali za Ulaya zikishasaini zinaona kazi ndiyo imeanza: tovuti, simu, mtu wa kujibu, mtu wa kushtaki kwa niaba yako. Serikali yetu ikisaini inaona kazi imekwisha. Inapiga picha.

Lakini nisiwapake mafuta, kuna upande wa pili, na huu unatuhusu sisi Kariakoo kabisa. Cheti cha uasili hakiulizi umeuza wapi. Kinauliza kimetengenezwa wapi. Sehemu kubwa ya mzigo wa hapa tumeufungasha Guangzhou na Yiwu. Mteja anakuja kutoka Lusaka, Lubumbashi, Kampala, Moroni, ananunua kwako, anapakia. Biashara nzuri, inalisha mji huu. Ila machoni pa mkataba wowote, huo ni mzigo wa China uliopumzika Dar es Salaam. Haupati nafuu ya Afrika Mashariki, haupati ya SADC, hautapata ya eneo huru la biashara la Afrika. Mikataba inamlipa anayetengeneza. Winga na mwenye fremu hawamo. Ndiyo maana kila siku nasema wale mafundi wa Gerezani wanaochomelea majiko, mageti na mashine za kusaga, wale tunaowapita tukiziba pua kwa moshi, ndio wenye mali kwenye makaratasi haya. Sisi wenye fremu za vioo ndio tuko nje.

Mfano wa karibu. Ndani ya Jumuiya kuna cheti rahisi cha uasili, kwa mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000, wa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na zilizotengenezwa au kulimwa ndani ya Jumuiya. Kinagongwa mpakani hapo hapo na forodha. Ukipeleka majiko yako Kampala au vikapu Nairobi, huna haja ya kuanza safari ya cheti kikubwa. Nimeuliza mafundi kumi na moja Gerezani kama wamewahi kukiona. Wawili walikisikia. Mmoja alinijibu, "Mdogo wangu, sisi mpakani tunampa dereva, dereva anajua anampa nani." Sasa hiyo ndiyo sera yetu ya biashara ya nje kwa mtu mdogo. Dereva anajua.

Na muda hautusubiri. Kenya wamekwenda peke yao: mwaka 2021 wakuu wa Jumuiya waliruhusu anayetaka atangulie, Desemba 2023 Kenya wakasaini na Ulaya Nairobi, na mkataba ulianza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2024. Maana yake, kadiri miaka inavyokwenda, bidhaa za wale wadogo wa Ulaya zitaingia Mombasa kwa ushuru unaoshuka, wakati Dar es Salaam bado ni ule wa pamoja. Umoja wa forodha wenye milango miwili ya bei tofauti. Namanga, Holili na Horohoro pale itabidi mtu aulize kila katoni, wewe umezaliwa wapi. Nani amejiandaa kwa hilo? Sijasikia waziri akilizungumza mbele ya wafanyabiashara.

Jambo jingine, mapema mwaka 2024 kamati ya Umoja wa Mataifa iliona kwa mara ya kwanza kwamba Tanzania imefikia vigezo vya kutoka kwenye orodha ya nchi zenye maendeleo duni. Inabidi tufikie tena kwenye tathmini ya 2027, kisha kuna miaka ya maandalizi, na Ulaya huongeza miaka mitatu baada ya nchi kutoka. Kwa hiyo hatutolewi kesho. Lakini ile sifuri ya shati la Mkunguni ina tarehe ya kuisha, hata kama haijaandikwa bado. Siku hiyo Ulaya watarudi na ule mkataba, mezani tutakuwa na nguvu ndogo kuliko 2016, na watasema: sainini, au mlipe.

Ndiyo maana swali langu kama mwanafunzi wa sheria ni nani atakuwa chumbani. Katiba, ibara ya 63(3)(e), inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba. Juni 2023 tuliona kazi hiyo inavyofanywa. Mkataba wa bandari na Dubai uliridhiwa tarehe 10 Juni, wananchi tukiwa tumepewa muda wa kutoa maoni ambao hautoshi hata kuutafsiri. Wengi wetu tuliusoma kwenye simu, kwa Kiingereza, baada ya makofi. Sasa mkataba wa biashara una viambatanisho vyenye orodha ya bidhaa kurasa mamia. Mahali pa kupigania fundi wa Gerezani ni kwenye mstari mmoja wa kiambatanisho: je, majiko yanaingia kundi la kufunguliwa au la kulindwa? Mbunge aliyepewa siku moja hataufikia huo mstari. Na kwa Bunge lilivyo sasa, hata akipewa mwezi, sina hakika ataufungua.

Halafu tunashangaa wafanyabiashara kufunga maduka. Mei 2023 Kariakoo iligoma, Waziri Mkuu akaja Mnazi Mmoja kusikiliza. Juni 2024 wakagoma tena. Watu wa nje wanadhani ni ubishi wa kodi. Ukisikiliza vizuri, malalamiko mengi yalikuwa hayo hayo ninayoyasema: sheria inayobadilika bila kuambiwa, thamani ya mzigo inayokadiriwa bandarini kwa namna mtu asiyoielewa, na kukosa mlango wa kugonga. Yule Mwitalia angegoma pia.

Mnaniuliza chama kinataka nini. Mimi siyo msemaji, nasema ninachokipeleka kwenye kamati ya sera. Nataka kila mkataba wa biashara uwekwe wazi kwa Kiswahili, pamoja na viambatanisho, siku 90 kabla ya kufika bungeni. Nataka dirisha hapa hapa Kariakoo, siyo Dodoma, lenye mtu anayejua kanuni za uasili za Ulaya, Afrika Mashariki, SADC na Afrika nzima, na anayepimwa kwa idadi ya watu wadogo waliosafirisha. Siyo kwa idadi ya semina. SIDO ipo tangu 1973, TanTrade ipo, TCCIA wanatoa vyeti vya uasili. Hatuhitaji kuunda mamlaka mpya na gari jipya la mkurugenzi. Na nataka kwenye timu ya majadiliano awepo mtu anayetengeneza kitu kwa mikono yake. Mkiniuliza lipi la kwanza, ni dirisha. Linaweza kuanza na meza na kompyuta moja.

Kuna mzee aliniuliza swali zuri pale mwishoni, naliweka hapa. Alisema, "Binti, unatuambia tuuze Ulaya, wakati Ulaya wenyewe wakiamka vibaya wanafunga mlango. Mimi nilikuwa kwenye samaki Mwanza mwaka 1999." Yuko sahihi. Mwaka ule Ulaya walisimamisha samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu, na viwanda vya sangara vikaumia. Sasa hivi wana sheria ya mwaka 2023 inayotaka muuza kahawa aonyeshe shamba lilipo na kwamba halikukatwa msitu. Mkulima wa Kagera mwenye nusu ekari atajaza ramani hiyo na nani? Ushuru sifuri siyo mlango wazi, kuna walinzi wengine nyuma yake. Nilimjibu mzee kwamba kwa sababu hiyo hiyo ningeanza na Kampala na Nairobi kabla ya Hamburg. Hakuridhika sana. Alisema Nairobi nao wana tabia zao. Tulicheka, tukaachana hapo.

Kwa vitendo: nakala za fomu ya cheti rahisi cha Afrika Mashariki na yale maneno ya tamko la Ulaya, pamoja na tafsiri yake ya Kiswahili niliyoifanya na wenzangu wawili wa chuo, zipo kwa katibu wa vijana. Ni karatasi moja, pande mbili, bure. Jumamosi kuanzia saa nne tutakuwa Gerezani na meza. Mwenye mzigo wa Kampala wiki hii aje na orodha ya vitu na bei zake, tutajaza pamoja. Yule dada wa Mkunguni ana oda nyingine ya mashati 80, safari hii ankara tunaiandika naye.